Saa sita kisiwani: ziara ya meli au ushuke mwenyewe?

Umeuliza kama ulipie ziara inayoandaliwa na meli yenu ya kitalii au ujiendee ufukweni mwenyewe, maana meli itakaa kisiwani saa sita tu. Kama ufukwe uko karibu na gati, shuka mwenyewe, ya nini kulipia basi la dakika kumi? Kama ni mbali, lipia ya meli: ziara yao ikichelewa, meli huisubiri. Ukichelewa kivyako unaachwa gatini, kaptula ikichuruzika maji, na nauli ya kuifuata meli hadi bandari inayofuata ni juu yako.

Uliza pia kama meli itatia nanga nje. Hapo mnavushwa kwa boti ndogo, na foleni zake hula muda kweli, hasa za kurudi. Fuata saa ya meli. Ya simu huweza kujibadilisha yenyewe ikafuata ya kisiwani. Na uvae viatu vya majini, matumbawe hukata nyayo.