Kitabu Kimekuwasha Moyo? Usiishie Kuposti Nukuu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: amemaliza kitabu kuhusu dhuluma wanazofanyiwa wafanyakazi, usingizi umemruka, anauliza aanzie wapi. Nilifurahi mno, maana hali hiyo naijua. Mimi aliniamsha Rachel Carson kwa Silent Spring, kitabu cha mwaka 1962 kinachoeleza jinsi DDT na sumu nyingine za wadudu zinavyopenya kwenye udongo na maji, zikawaua ndege, zikafika hadi mwilini mwa binadamu.

Kilichonishika zaidi ni namna alivyofanya kazi. Mwaka 1958 rafiki yake, Olga Huckins, alimwandikia kwamba ndege wanakufa kwenye eneo lake baada ya dawa ya mbu kunyunyizwa kutoka angani. Barua ya mtu mmoja tu! Carson, mwanabiolojia aliyewahi kuajiriwa na serikali ya Marekani, hakukurupuka. Alichimba tafiti kwa miaka kadhaa, akaendelea hata saratani ya matiti ilipomwandama, na kitabu kikatoka na makumi ya kurasa za marejeo. Wenye viwanda vya kemikali walipomshambulia, walimkuta kajipanga. Mwaka 1963 kamati ya washauri wa sayansi wa Rais Kennedy iliunga mkono hoja zake. Alifariki mwaka uliofuata, na 1972 Marekani ikapiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi ya DDT.

Baada ya kukisoma, nilianza kupatazama ninapoishi kwa jicho jingine. Mpuliza dawa alikuja asubuhi, na watoto wakacheza kwenye nyasi zilezile zikiwa bado mbichi kwa dawa. Niliokota kopo tupu kando ya ukuta, nikafuta tope, nikasoma maandishi madogo: watu na wanyama wasiingie mpaka dawa ikauke. Nikawaandikia wasimamizi. Kimya. Nikaandika tena, nikaambatanisha picha ya lebo. Majirani wakasema natafuta umaarufu. Mmoja niliyemwamini alinicheka mbele za watu, na hadi leo nikikumbuka naumia. Lakini mama mmoja ambaye mwanawe hubanwa na kifua alisaini barua yangu, wengine wakafuata. Siku hizi tangazo linabandikwa mapema na eneo linazungushiwa kamba. Najivunia hilo, wala sifichi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, shika jambo moja. Moja tu, tena la karibu, unaloweza kuliona kwa macho yako. Umesoma habari za wafanyakazi? Basi anza na anayefagia ofisi yenu: ana mkataba? Akiugua, anakatwa mshahara? Muulize mwenyewe kabla hujamsemea, kwa sababu wapo wanaharakati wengi wanaowasemea watu ambao hawajawahi hata kuwasalimia. Kirudie kitabu, uone mwandishi alipata wapi ushahidi wake. Andika unachokiona, weka tarehe, tunza nakala. Tafuta mwenzako hata mmoja. Na ukishaandika, andika tena, maana barua ya kwanza hutupwa.

Tunasoma, tunalia, tunaposti nukuu, kisha tunampita mfagiaji yuleyule mlangoni. Tuache tabia hiyo!

Rasimu yako ikiwa tayari, nitumie niipitie. Usiweke jina la mfanyakazi yeyote ambaye hajakubali kutajwa; yeye ndiye atakayefukuzwa kwanza.