English medium Dar: mtihani ni uleule?

Dada, umeuliza kama mtoto wa English medium hapa Dar anafanya mtihani tofauti na wenzake wa Kayumba, yaani shule za serikali. Shule nyingi zinafuata mtaala wa Tanzania, kwa hiyo mtihani ni uleule wa NECTA, Baraza la Mitihani, ila wao wanaufanya kwa Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili. Baadhi ya zile za kimataifa, kama IST (International School of Tanganyika), iliyoanza 1963, ziko kwenye IB, mtaala wa kimataifa wa International Baccalaureate. Hizo ni habari nyingine kabisa, na ada yake shikilia moyo. Mimi ningeangalia umbali kwanza. Ukiwa Mbagala na shule iko Mbezi Beach, basi litampitia mtoto saa kumi na moja alfajiri. Halafu uliza kama ada waliyokutajia ina chakula na usafiri ndani, mara nyingi haina.