Mkutubi wa shule ana kazi gani hasa? Niliifanya miaka 11

Dada, umeuliza kama kuna haja ya wazazi kuchanga shilingi 300 kila muhula ili shule ya mwanao iajiri mkutubi, wakati vitabu vya serikali vipo na "kupiga muhuri hata bawabu anaweza". Wengine wamekujibu kwa ukali. Mimi nitakusimulia niliyoyaona, maana nilikuwa mkutubi katika shule moja ya upili ya kutwa huku Eastlands, Nairobi, tangu 2009 hadi corona ilipofunga shule 2020. Shule sitaitaja.

La pesa kwanza, tulimalize. Mkutubi si mwalimu, kwa hivyo TSC, tume ya kuajiri walimu, haimwajiri. Kwa kawaida analipwa na bodi ya shule, na bodi ikikosa hela huwageukia nyinyi wazazi. Kama mchango huo ni halali au la, ulizeni kwenye mkutano. Mimi si wakili.

Kuhusu muhuri uko sahihi, bawabu atapiga. Hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa bawabu. Niliweka faini ya shilingi 5 kwa kila siku ya kuchelewesha kitabu, nikakataza mabegi, nikakataza minong'ono. Kufikia muhula wa pili vitabu vilikuwa vimejipanga kama gwaride la Jamhuri na chumba ni kitupu. Nami nilijivunia! Mwalimu mmoja wa Kiswahili akachungulia mlangoni akaniuliza, "Hapa tunalipa kiingilio, ama?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaifuta faini. Vitabu vilipotea, sikatai, na Ijumaa zangu zikawa za gundi na selotepu. Lakini watoto wakaja.

Mmoja wao ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa Kidato cha Kwanza, mpole, sweta imemzidi. Kila siku saa nne wakitoka mapumziko anakuja, anachukua riwaya nene ya Kiingereza, kesho yake anairudisha na kubeba nyingine. Kadi yake ilikuwa na vitabu saba ndani ya wiki mbili. Nikasema moyoni, huyu ni kipaji. Kisha jambo likaanza kunisumbua: hakuna anayemaliza kurasa 300 usiku mmoja akiwa na kazi ya nyumbani ya masomo matano. Basi kitabu cha nane nikakitia kipande cha karatasi ukurasa wa 12, nikakisukuma ndani kabisa, kwenye mshono. Kikarudi kesho yake, karatasi iko palepale, haijaguswa.

Nikamwuliza ni nini kilichompendeza. "Yote, madam." Nikamwomba anisomee mistari miwili tu. Alisoma neno la kwanza, la pili akalikisia, la tatu akatazama dirisha.

Hakuwa anajua kusoma. Darasani walikuwa zaidi ya 60, akikaa nyuma ananakili ya jirani, na mwalimu wa somo anamwona dakika 40 kisha anakimbilia darasa lingine. Kile kitabu kinene alikibeba ili wenzake wakione. Aliyekuwa na rekodi ya kila alichokigusa ni mimi, na ile kadi ndiyo iliyomfichua.

Sikumpeleka ofisini. Nilimwambia nahitaji mtu wa kunisaidia kuvika vitabu majalada saa ya chamcha. Nikaazima vitabu vyembamba vya hadithi za Kiswahili vya darasa la tatu kutoka shule ya msingi jirani, tukavivika karatasi ya kaki kama vingine vyote, ili akivishika asichekwe. Mimi napaka gundi, yeye anasoma kwa sauti ya chini. Akikwama nasubiri. Mwalimu wake wa darasa nilimweleza pembeni, naye akakubali asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake kwa muda. Muhula wa tatu alimaliza hadithi ya kurasa 40, akaja kubishana nami kwamba mwandishi ameiharibu mwishoni. Nami naona alikuwa na haki, ile hadithi iliishia hewani.

Kitu kingine ambacho bawabu hatakifanya ni kujua kitabu kikae wapi. Mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba tangu 1876, umeipa fasihi ya Kiingereza mafungu yake makubwa pale 820, lakini riwaya ya Kiswahili imesukumwa hadi 896.392, mwisho mwisho wa fasihi zote. Kwangu hiyo ilikuwa rafu ya chini kabisa, kona ya giza nyuma ya kabati. Namba sikuzibadilisha ila rafu niliihamisha, nikaiweka karibu na mlango, majalada yakitazama mbele. Watoto ambao hawakuwahi kuomba hadithi wakaanza kuzichukua wakipita.

Na sasa kuna CBC, mtaala wa umilisi. Mtoto anaambiwa achunguze jambo, na usiku mzazi yuko saiba akilipia kurasa za kuchapishwa ambazo hakuna atakayezisoma. Kitabu cha kiada kimoja kwa kila mtoto, kama serikali ilivyoanza kusambaza 2018, ni jambo jema, lakini kinampa jibu moja. Mkutubi humfunza kufungua faharasa, kuuliza nani aliandika hili na lini, kuweka vitabu viwili sambamba na kuona vinapotofautiana. Mwalimu akinidokezea wiki moja mapema atafundisha nini, darasa lake linakuta vitabu vinane mezani. Asiponidokezea, wanakuja 50 kwa mpigo kugombania ensaiklopidia moja iliyochanika.

Ila nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna shule huajiri mkutubi kisha zikamfanya karani. Kwetu, kila Januari ilikuwa kugawa vitabu vya kiada na kuandika namba, Oktoba kuvifukuzia. Katikati nilisimamia mitihani ya walimu wasiofika. Tena mwaka mmoja katoni za vitabu vipya zilikaa stoo muhula mzima, zimefungwa kwa kufuli, kisa vitaibwa. Panya ndio waliovisoma.

Kwa hivyo kabla hujatoa hizo 300, uliza maktaba itakuwa wazi saa ngapi. Ikiwa ni wakati wa masomo pekee, mwanao ataingia saa ngapi? Uliza pia kama ratiba ina kipindi cha maktaba, na kama kuna kiasi chochote cha kununua vitabu vya hadithi. Mkutubi bila vitabu ni mlinzi wa rafu.

Wakati mnasubiri, Jumamosi mpeleke maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyofunguliwa 1931, au matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Mkiwa upande wa Buruburu, KNLS, maktaba ya taifa, ipo. Na siku moja pitia shuleni saa nne, bila kuarifu ofisi kwanza, ukajaribu mlango wa maktaba. Ukiukuta umefungwa, uliza ufunguo uko kwa nani.