Kabla hujanyanyua kamera Mji Mkongwe, piga hodi

Msomaji mmoja wa Wete, Pemba, ameniandikia wiki hii. Anataka kukusanya wenzake wavuke waje Unguja kwa matembezi ya kupiga picha Mji Mkongwe, anauliza aanzie wapi. Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili, lakini swali lake limenitonesha kidonda.

Matembezi yangu ya kwanza niliyaandaa mwenyewe, na nilijiona mtu. Tulikuwa 23. Tukakutana Forodhani, tukapiga Ngome Kongwe, tukapiga Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020. Hapo sina la kusimulia. Balaa lilianza tulipoingia mtaa wa Kiponda.

Barazani alikaa bibi mmoja akisuka ukili. Vichochoro vya kule ukikutana na baiskeli inakubidi ujibanze ukutani. Sasa fikiria kamera 23. Hakuna aliyemsalimia, hata mimi kiongozi wao. Bibi akavuta kanga usoni, akaokota miyaa yake, yale majani ya kusukia, akaingia ndani na kufunga mlango. Kijana mmoja wetu aliwahi kumpiga picha pale pale: kanga imeziba nusu ya uso, jicho moja linatutazama. Usiku akaitundika mtandaoni, ikasifiwa sana. Na mimi nikaisifu. Hilo linaniuma mpaka leo. Baadaye nilimwomba aifute, akanijibu kwamba namwonea wivu.

Asubuhi nilirudi peke yangu, kamera nimeiacha nyumbani. Nikapiga hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akanitazama kwa muda. "Jana mlipita kama watu wa mnada."

Nikamwomba radhi. Siku ya tatu ndipo aliponiambia niilete kamera, lakini nipige mikono tu. Picha hiyo ninayo: kidole gumba kimekandamiza miyaa ya zambarau, hina imefifia kwenye kucha, na nyuma yake msumari wa shaba wa mlango umeshika mwanga kidogo. Nimepiga maelfu ya picha, na hii naiweka mbele ya zote. Sioni haya kusema hivyo.

Basi ndugu yangu wa Wete, salimia. Njoo na watu sita, wakizidi sana wanane. Ukifika baraza ya pili, salimia tena, hata kama wazee wameshughulika na bao. Mwanga usikuhangaishe: adhuhuri jua hushuka wima, uso ukawa nusu mweupe nusu mweusi, kwa hiyo toka saa moja hadi saa tatu asubuhi, kuta za chokaa zinapotoa mwanga laini. Milango ya nakshi haikimbii. Itazame kwanza, minyororo iliyochongwa pembezoni, samaki chini ya miimo, ndipo upige. Lakini kila mlango una mwenyewe. Ukiukuta wazi usipenyeze lenzi ndani, na picha ya mtu usiitundike bila ridhaa yake. Sisi wa visiwani tumelelewa kupiga hodi mara tatu, na tusipoitikiwa tunaondoka. Kwa nini tukishika kamera tunasahau?

Mkivuka nitawapokea bandarini Malindi. Bibi nimeshamwambia mnakuja. Kauliza mko wangapi.