Nimepata masta Dar: nikae kwa mama mdogo Chanika au nipange?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Bukoba, nina miaka 29, sijaolewa. Nimepata nafasi ya kusoma masta ya elimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Dar yenyewe nimefika mara moja tu kwenye msiba, tukalala siku mbili tukageuza. Sasa shida yangu ni pa kukaa. Mama mdogo anaishi Chanika na ameshaniandalia chumba kabisa, na mama huku nyumbani anasema nikienda kupanga wakati ndugu yupo nitakuwa nimemdharau mdogo wake. Halafu kuna dalali nimeunganishwa nae wasap, kanitumia picha za chumba masta Sinza, tailizi safi, 150,000 kwa mwezi, ila anataka ya miezi sita na ya kwake ya mwezi mmoja, nitume mapema kabla hakijachukuliwa. Hiyo ni 1,050,000 Anti, ndo akiba yangu karibu yote. Nitume? Na je godoro, jiko la gesi na masweta nibebe au niache?

Mwalimu, Bukoba

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Usitume hata mia. Sisemi huyo dalali ni tapeli, inawezekana chumba kipo na tailizi zipo kweli, ila picha haikuonyeshi mvua ikinyesha maji yanapita wapi.

Mi nilitokea Songea kuja kusoma hapohapo Mlimani, nikapanga Msewe mwezi wa tisa, jua kali, ukuta umepakwa rangi mpya ya krimu nikajiona nina bahati. Jirani yangu friji lake alikuwa kaliinua juu ya tofali, na kitanda hivyohivyo, mi nikadhani ndo mtindo wa mjini. Vuli ilipoanza ndo nikaelewa. Maji yaliingia saa nane usiku yakaja na chupa na ndala za watu, asubuhi yakatoka yakaacha mstari wa tope unanifika magotini, na ile krimu ilivyobanduka chini yake kukawa na mstari mwingine wa zamani palepale. Na kodi ya miezi sita nishalipa, nani anakurudishia. Kwahiyo ukienda kuangalia chumba habari za mvua usimuulize mwenye nyumba, muulize mama anayeuza nyanya pale nje. Na LUKU uliza kama mita ni ya kwako peke yako au mnachangia, maana kama mnachangia na kuna mtu ana friji mbili za kuuzia barafu utajikuta unamlipia biashara yake, na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye umeme.

Sasa Chanika. Mdogo wangu, Chanika ni Dar kwa ramani tu. Kwenda Mlimani ni kuunga magari, asubuhi watu wanaingilia dirishani, na masomo ya masta mara nyingi yanawekwa jioni maana wengi wanatoka makazini, sasa ukitoka darasani saa mbili usiku mpaka ufike Chanika mama mdogo kashalala, na wewe kesho saa kumi na moja uko kituoni tena. Hapo hujasoma hata ukurasa. Nimemuona mtu ameacha masomo semista ya pili kwa sababu hiyo tu, wala hakuwa mzembe.

Mimi ningefanya hivi. Nenda wiki mbili kabla ya chuo kufungua, fikia hapohapo kwa mama mdogo. Mpelekee ndizi na senene, lala, fua, pika, msaidie, afu mchana zunguka kutafuta chumba kwa miguu Changanyikeni, Makongo, Survey, Ubungo. Sinza sio mbaya ila ukiwa Changanyikeni darasani unafika kwa miguu. Ulizia pia hosteli za chuo, watu wa masta wengi hawaombi wakidhani ni za digrii ya kwanza tu. Mama mdogo akishaona mwenyewe unavyorudi umechoka atakwambia yeye kwanza tafuta karibu, na wikiendi utaenda kwake. Huko kwenu mama ataambiwa na mdogo wake, sio na wewe, ndo uzuri wake.

Miezi sita pia usikubali haraka, wapo wanaopokea ya mitatu ukijieleza vizuri kwamba we ni mwalimu na mshahara unaingia. Kwanza hutakaa Dar miaka yote miwili. Masta ya kozi na tasnifu mara nyingi mnamaliza vipindi vya darasani kwanza, afu mnaenda kukusanya data, na data zako za mambo ya shule nina uhakika utazifuata hukohuko Kagera, sasa utalipia chumba kitupu ili iweje?

Ila kabla ya yote hayo, ruhusa ya masomo. Hakikisha barua ya mkurugenzi unayo mkononi, sio ya kuambiwa "we nenda tu itakuja". Ukiondoka bila barua we ni mtoro kazini, na hapo mshahara ukisimama hata Chanika utapaona mbali kwa nauli.

Safari: basi siku hizi linaishia Mbezi Luis, sio Ubungo tena, kwahiyo mama mdogo asikusubiri Ubungo. Ukichoka barabarani teremka Dodoma uunge na treni ya SGR.

Godoro acha, utanunua, kulipakia kwenye basi kutoka Bukoba ni kero na konda atakudai hela ya mzigo. Jiko la gesi beba plate tu, mtungi acha. Masweta nayo acha, joto la Januari huku utalala na feni usoni. Beba moja lakini, la kukalia maktaba, ile kubwa iliyofunguliwa 2018, kiyoyozi chake mimi kilishaniletea mafua.