Je, Naweza Kuwapa Pacha Wangu Majina ya Kihindi?

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, na mke wangu ana asili ya Kutch, Bara Hindi. Kwao ni Waislamu wa Kisunni tangu mababu. Jumatano mchana tumejaaliwa pacha, wa kiume na wa kike. Wakwe zangu wanapenda wapewe majina ya kwao. Kwa mvulana wametaja Ishaan, Shahjahan, Parvez, na Gulamrasul ambalo ni la marehemu babu yao. Kwa msichana wametaja Aarti, Shabnam na Asha. Mama yangu mzazi anasema jina lisilo la Kiarabu si la Kiislamu. Tena shangazi wa mke wangu ameshatafutiwa herufi ya nyota ya watoto, na wanataka dada yangu ndiye atamke majina usiku wa sita, kama ilivyo desturi yao. Nifanye nini bila kuwaudhi wazee wa pande zote mbili?

JAWABU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah awabariki katika mlichopewa, mumshukuru aliyewapa, watoto wafikie ukubwani na mruzukiwe wema wao.

Nianze na kauli ya mama, maana amefunga mlango ambao sheria imeuacha wazi. Mweleze kwa upole kwamba hakuna aya wala hadithi inayoshurutisha jina liwe la Kiarabu. Mtume (s.a.w.) alipopata mtoto kwa Bi Maria Mkibti alisema: "Usiku huu nimezaliwa mtoto wa kiume, nikamwita kwa jina la baba yangu, Ibrahim" (Muslim). Ibrahim si jina la Kiarabu kwa asili, wala Ismail, Yusuf na Musa. Bi Maria mwenyewe alibaki na jina alilokuja nalo kutoka Misri. Sahaba Fayruz wa Daylam alikuwa na jina la Kiajemi, akaishi nalo na akafa nalo. Na hapa kwetu pwani akina Mwanaidi, Subira, Tatu, Kombo na Makame wamesaliwa na kuzikwa Kiislamu bila mtu kuuliza majina yao yametoka lugha gani.

Kinachotazamwa ni maana ya jina kwa wenye lugha yao, na jina hilo linamnasibisha mtoto na nani. Mtume (s.a.w.) alimbadilisha Aasiya, yaani "muasi", akamwita Jamila (Muslim). Alimbadilisha Barra, "mwema", akamwita Zaynab, kwa kuwa jina la kwanza lilikuwa na kujitakasa (Bukhari na Muslim). Abdurrahman bin Awf zama za ujahili aliitwa Abdu Amr, "mja wa Amr", nalo likaondoka. Ibn Hazm amenukuu makubaliano ya wanazuoni kwamba ni haramu jina linalomfanya mtu mja wa asiyekuwa Allah, isipokuwa wamekhitilafiana kuhusu Abdulmuttalib.

Sasa tuyapime majina mliyotajiwa, moja moja.

Aarti liacheni. Aarti ni ibada yenyewe ya Kihindu: taa za utambi huwashwa na kuzungushwa mbele ya sanamu huku nyimbo za kuisifu zikiimbwa. Orodha nyingi za intaneti huandika "mwanga" mbele ya jina hili na kuishia hapo, na wazazi Waislamu huchukua bila kujua. Hukumu ni hiyo hiyo kwa Puja, ambalo maana yake ni ibada hiyo, na kwa majina ya miungu yao kama Lakshmi, Durga, Krishna na Ganesh. Hatusemi haya kwa kuwadharau jirani zetu Wahindu. Wao wanawaita watoto wao kwa wanachokiamini, na mtoto wa Mwislamu naye aitwe kwa anachokiamini mzazi wake.

Ishaan ndilo la kuangaliwa zaidi, kwa sababu linadanganya sikio. Mtu hulisikia akadhani ni Ihsan limetamkwa Kihindi. Katika Kisanskrit, Ishana ni mojawapo ya majina ya Shiva, mungu mkubwa katika dini ya Kihindu, na halifai kwa mtoto wa Kiislamu. Kama kilichowavutia ni sauti yake, basi Ihsan lipo, linakaribiana nalo mno, na maana yake ni kumuabudu Allah kana kwamba unamuona.

Shahjahan ni Kiajemi, "mfalme wa dunia". Mtume (s.a.w.) amesema jina duni kabisa mbele ya Allah ni la mtu anayejiita mfalme wa wafalme (Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra), na Sufyan, mmoja wa wapokezi wa hadithi hiyo, akaifasiri kwa kusema: "mfano wa Shahanshah". Tazama alivyotolea mfano neno la Kiajemi, wala lugha haikulinusuru. Shahjahan si neno lile lile, lakini maana yake imelielekea, nami naona liepukwe pamoja na Alamgir na Jahangir, yote ya kumiliki ulimwengu. Wakwe zako wakisema ni jina la mfalme Mwislamu aliyejenga Taj Mahal, wakumbushe kwamba Shahjahan lilikuwa cheo alichopewa na baba yake mwaka 1617. Alipozaliwa aliitwa Khurram, "mwenye furaha". Hilo ni zuri na halina kasoro, mkipenda lichukueni.

Parvez, "mshindi", halina ubaya katika maana, ila lilishikamana na Kisra Parviz, mfalme wa Uajemi aliyeichana barua ya Mtume (s.a.w.). Habari ya kuchanwa barua imo katika Bukhari. Kumwita mtoto jina hilo si haramu, lakini haipendezi. Badala yake kuna Firoz, lenye maana ile ile ya ushindi, na ndilo lile la sahaba Fayruz kwa matamshi ya Kihindi. Huenda mtu akakwambia kwamba aliyemuua Sayyidna Umar naye aliitwa Fayruz. Ni kweli, lakini jina alilolibeba sahaba haliharibiwi na mhalifu aliyeshirikiana naye kwa herufi tu, ilhali Parviz lilikuwa lakabu ya yule mfalme na kwalo ndivyo anavyojulikana.

Gulamrasul lina maneno mengi zaidi. "Ghulam" kwa Kiarabu ni kijana au mtumishi, na kwa Kiajemi na Kiurdu limeelekea kuwa mtumwa. Wahindi Waislamu wa pwani yetu wanalitumia sana: Gulamhussein, Gulamali, Gulamrasul. Wanaolijuzisha husema makusudio ni utumishi na mapenzi, si uja wa ibada, na hoja yao ina uzito kwa kuwa neno lenyewe si "abdu". Wengine wamelichukia kwa kuwa linakaribia yaliyokatazwa. Ninaloona ni kwamba babu yenu hana lawama, na msiguse jina lake katika hati wala katika dua. Mtoto mpya mpeni lisilo na utata. Kwa Wakutchi wenyewe kuna Alarakhia, "Allah amemhifadhi", jina la tauhidi tupu, nalo ni la kwao kuliko hilo Gulamrasul. Vilevile Allahbakhsh, "kipawa cha Allah". Lakini Pirbakhsh na Nabibakhsh yaepukeni, kwani yanamfanya mtoto kuwa kipawa cha walii au cha Mtume, na hakuna anayetoa watoto ila Allah (Ash-Shura, 49).

Shabnam ni umande, neno la Kiajemi, halina tatizo lolote.

Asha kwa Kihindi ni tumaini. Hapa kwetu Asha ni Aisha, Mama wa Waumini. Bibi wa Kutch atasikia tumaini, bibi wa Tanga atamkumbuka mke wa Mtume, na wote wawili watakuwa wamepewa haki yao kwa jina moja. Kati ya yote mliyotajiwa, hili ndilo ninalowashauri. Ikiwa umesikia hadithi ya Samura katika Muslim inayokataza kumwita kijana Yasar, Rabah, Najih au Aflah, kwa sababu utauliza "yupo?" na ujibiwe "hayupo", jua kwamba wanazuoni wetu wa Kishafii wameichukulia kuwa ni karaha tu, si haramu, na Asha wetu ana maana ya pili inayomtoa hapo.

Yapo majina mengine ambayo hatujayataja, na wakwe hawatakosa kuleta mapya. Namna ya kuyapima ni hii. Kwanza yaandikwe kwa hati ya lugha yake, iwe Kiurdu, Kigujarati au Kihindi, kwa sababu herufi za Kilatini zinachanganya majina mawili kuwa moja. "Diya" ukiliona hivi hujui kama ni ziyaa la Kiarabu, nuru, au ni taa ndogo ya udongo inayowashwa Diwali. "Raja" laweza kuwa rajaa, matarajio, au mfalme wa Kihindi. Kisha aulizwe anayeijua lugha: je, hili ni jina la mungu, la sikukuu au la ibada yoyote? Swali hili la pili wengi hulisahau, wakaridhika na "maana yake ni nuru". Mwisho litamkeni kwa sauti mkiwa na watoto wa mtaani. Jina tukufu kwa Kihindi likikaribia neno la aibu kwa Kiswahili, mtoto atateswa nalo shuleni, na Allah amekataza kuitana kwa majina ya kejeli (Al-Hujurat, 11). Msimpe mtu sababu.

Viambishi vya heshima, yaani ji, bhai na bai, havina neno. Alibhai ni Ali tu, na Fatmabai ni Fatma. Ila wanaomwita Abdulrahman "Rahman" peke yake, jambo lililozoeleka Bara Hindi, wakumbushwe: Rahman ni jina mahususi la Allah, na Imamu Nawawi amelihesabu pamoja na Quddus na Muhaymin katika yasiyojuzu kuitwa kiumbe.

Tuje kwenye herufi ya nyota. Wenye hesabu hiyo hugawa njia ya mwezi manzili 27, kila manzili robo nne, wakapata sauti 108, na mtoto hupewa sauti ya pale mwezi ulipokuwa alipozaliwa, kwa kuitakidi kwamba jina lisilofuatana na nyota humletea mikosi. Hii ndiyo itikadi iliyokatazwa. Mtume (s.a.w.) amesema anayejifunza elimu ya nyota amejifunza tawi la uchawi (Abu Dawud, kutoka kwa Ibn Abbas). Na huyo huyo Ibrahim tuliyemtaja alipofariki, jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili yake, Mtume (s.a.w.) akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Upande wako nao usijione umesalimika: wapo wa pwani wanaopiga hesabu ya abjadi, yaani thamani za namba za herufi za Kiarabu, ya jina la mtoto na la mama ili kujua "nyota" yake, na hukumu ni moja. Jina likiangukia herufi ile ile kwa bahati, haliharamiki. Kilichoharamu ni kulichagua kwa sababu hiyo.

Usiku wa sita, ambao wao huuita chhathi, huwekwa karatasi nyeupe na kalamu karibu na mtoto, kwa imani kwamba Vidhata, mungu wa majaaliwa katika imani za Kihindu, atakuja kumwandikia yatakayompata. Karatasi na kalamu viondolewe. Yaliyoandikwa ya pacha wako yaliandikwa wakiwa tumboni: malaika huamrishwa kuandika rizki, ajali (yaani muda wake wa kuishi), amali, na kwamba mtu ni mwovu au mwema (Bukhari na Muslim). Wakitaka kukusanyika na kula usiku huo bila itikadi hiyo, ni chakula tu, lakini ningewashauri mkusanyiko uhamie siku ya saba, ambayo ina sunna yake.

Dada yako kutamka majina hakuna ubaya. Ni heshima kwa shangazi, nasi pia tunampa shangazi nafasi yake. Sharti ni kwamba majina uwe umeyaridhia wewe, kwa kuwa Ibn al-Qayyim ameeleza kwamba wazazi wakikhitilafiana, haki ya kutaja jina ni ya baba. Itumie kwa hekima na umsikilize mkeo. Aliyebeba mimba ya pacha asifanywe mgeni katika majina ya wanawe.

Siku ya saba kwa madhehebu yetu huhesabiwa pamoja na siku ya kuzaliwa, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Watoto wamezaliwa Jumatano mchana, basi ya saba ni Jumanne. Wangezaliwa baada ya magharibi, hesabu ingeanza Alhamisi na ya saba ingekuwa Jumatano. Akika ni mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, jumla watatu, kila mbuzi awe ametimiza miaka miwili na asiwe na kilema. Hali ikiwa ngumu, mbuzi mmoja kwa mvulana anatosha, lakini mbuzi mmoja kwa pacha wote wawili hatoshi. Wanyolewe wote wawili, na nywele zao zipimwe kwa mizani ya sonara, maana mizani ya dukani haitazihisi, kisha toeni sadaka madini ya fedha ya uzito huo au thamani yake. Mkikosa siku ya saba, fanyeni ya 14 au ya 21, na baada ya hapo muda haujafungwa hadi wabaleghe.

Mambo ya hati nayo yasicheleweshwe. Tanzania Bara kizazi kinasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 90. Andika majina kwa herufi kubwa kwenye karatasi na umkabidhi karani, kwa sababu Shabnam au Khurram likiandikwa kwa kusikia tu hutoka vingine, na kosa hilo litamfuata mtoto hadi kwenye cheti cha shule na pasipoti. Jina la pili liwe lako na la tatu la baba yako, wala wasiandikishwe kwa ukoo wa babu mzaa mama, kwani Allah amesema: "Waiteni kwa baba zao" (Al-Ahzab, 5).

Wallahu aalam.