Hedifoni za mamilioni: kabla hujatoa akiba yako

Mdogo wangu wa Dar, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema umedunduliza kwa miaka miwili mpaka ukafikisha shilingi milioni tatu na nusu, upate hedifoni moja ya maana ya kusikilizia taarab na jazi, na sasa kila unayemuuliza anakwambia kwa hela hiyo hata mlangoni hufiki, kwamba hedifoni za kweli zinaanzia dola elfu tatu. Unauliza bei zimepandaje kiasi hicho, na kama uendelee kudunduliza au uachane na habari hizi.

Usiachane nazo, na usiongeze hata senti. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu mimi niliongeza.

Nimerekodi sauti hapa Mombasa zaidi ya miaka ishirini: harusi, kasida, vipindi vya redio, vikundi vya taarab vinavyotaka kubaki na kumbukumbu. Hedifoni kwangu ni jembe, na pia ni raha yangu ya usiku watoto wakishalala. Nazipenda, wala sitakwambia kwamba zote ni sawa.

Bei zimepanda kweli. Sennheiser walipotoa HD 800 mwaka 2009 kwa takriban dola 1,400, wengi wetu tuliona ni kufuru. Audeze LCD-2 iliyokuja karibu na wakati huohuo ilikuwa chini ya dola elfu moja. Mwaka 2016 Focal wa Ufaransa wakaleta Utopia kwa dola 4,000. Mwaka uliofuata HiFiMAN wakaitoa Susvara kwa dola 6,000. Na haohao Audeze walioanza chini ya elfu moja, LCD-5 yao ya mwaka 2021 ilitoka kwa dola 4,500. Stax wa Japani mwaka huohuo wakavuka dola 6,000 kwa SR-X9000, na hapo hujanunua ampu, yaani kikuza sauti, maana hedifoni za umemetuli kama hiyo haziendeshwi na ampu ya kawaida, lazima uwe na yake maalumu.

Sehemu ya bei hiyo ina sababu za haki. Kiwambo cha Utopia, yaani utando unaotetemeka na kutoa sauti, ni cha berili, metali ghali ambayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu, kwa hiyo kuifanyia kazi kunataka uangalifu mkubwa. Viwambo vya planari, yaani vile vya bapa, ni vyembamba mno kuliko unywele, vinavutwa kwenye fremu na kuzungukwa na sumaku nzito, kisha mtu anakaa kuoanisha cha kushoto na cha kulia mpaka vilingane. Zinatengenezwa chache, na duka nalo lina fungu lake humo ndani. Yote hayo nayakubali.

Lakini hayo yalikuwapo hata mwaka 2009. Kilichobadilika, kwa ninavyoona mimi, ni kwamba mmoja alithubutu kuweka dola elfu nne, zikanunuliwa, na wengine wote wakajua wateja wapo. Cha ghali kilikuwapo tangu zamani: Orpheus ya Sennheiser ya mwaka 1991 ilitengenezwa seti 300 tu na bei yake ilikuwa ya gari. Ila zamani kilele kilikuwa kimoja, kila mtu akijua si chake, na maisha yakaendelea. Leo vilele vimejaa, na kila kimoja kimewekwa hatua moja tu juu ya kile ulichonacho.

Halafu kuna shilingi, ambayo watu wa Ulaya na Marekani hawaisemi kwa kuwa haiwahusu. Dola 1,400 mwaka 2009 zilikuwa milioni moja na laki nane hivi za Tanzania. Dola zizo hizo sasa zinacheza kwenye hiyo milioni tatu na nusu yako. Kwetu Kenya zilikuwa kama shilingi laki moja na elfu nane, na leo ni kama laki moja na themanini. Januari 2024 dola ilifika shilingi 160 kabla haijarudi karibu na 129, na nina rafiki aliyeagiza hedifoni wiki hiyohiyo ya mia na sitini. Hajapenda kulizungumzia jambo hilo mpaka leo. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, na kodi ya VAT, asilimia 16 huku na 18 kwenu. Kwa hiyo unapohisi bei imepanda maradufu, hujakosea, ila sehemu kubwa ya mpando huo haikutoka kiwandani.

Sasa yangu. Mwaka 2019 nilikuwa na HD 600 ya Sennheiser niliyoinunua mtumba mwaka 2011 kwa shilingi elfu kumi na nane za Kenya, kutoka kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa anafunga nyumba kurudi kwao. Nilikuwa naridhika nayo kabisa. Nikaanza kusoma usiku, tathmini moja baada ya nyingine, mpaka nikashawishika kwamba miaka yote ile nilikuwa nasikia muziki kupitia pazia. Nikachukua mkopo kwenye sacco, nikaagiza planari ya dola 1,800, binamu yangu akaibeba kutoka Dubai.

Niseme ukweli, usiku wa kwanza ilinitoa machozi. Nilikuwa na rekodi yangu mwenyewe ya kikundi kimoja cha hapa, kanuni, udi, fidla mbili na dumbaki. Kwenye HD 600 unasikia mpigaji kanuni anapiga uzi. Kwenye ile mpya nilisikia ukucha wake unagusa uzi kwanza, mkwaruzo mdogo kabisa, ndipo sauti inatoka, kisha uzi unafifia polepole mpaka unausikia unaisha chini ya fidla. Nilikuwapo chumbani siku ya kurekodi na jambo hilo sikulisikia kwa masikio yangu. Kwa hiyo anayekwambia ghali haina kitu, huyo hajasikiliza.

Mwezi wa kumi na tatu, upande wa kulia ukaanza kukoroma kwenye besi. Wiki moja baadaye ukanyamaza. Dhamana ilikuwa miezi kumi na miwili. Waliotengeneza wakajibu vizuri tu kwamba niwatumie kwa gharama yangu, nilipe kiwambo kipya, nilipe na usafiri wa kurudi. Nikalipa. Ilipoingia nchini ikahesabiwa kama mzigo mpya kwa sababu sikuwa na karatasi za kuonyesha kwamba ilitoka hapa ikiwa mbovu, nikalipa tena. Jumla yake ikapita dola 2,600, na mkopo wa sacco ulikuwa bado unakatwa. Mwaka uliofuata ngozi bandia ya mito ya masikio ikaanza kubambuka, vipande vyeusi vinabaki shingoni na kwenye mashavu. Nyie wa pwani mnajua chumvi na joto letu linavyofanya ngozi ya namna hiyo. Mito mipya ilikuwa bei ya simu ya kawaida. Nikaiuza kwa hasara kwa kijana mmoja wa Nairobi, nikamweleza kila kitu kabla hajalipa.

HD 600 ipo mbele yangu ninapoandika. Nimeibadilisha mito mara tatu na waya mara mbili. Inafunguka yote kwa mikono, bila bisibisi: mito inachomoka ukiivuta, chini yake kuna kitambaa cha sponji, chini ya hapo kiwambo kimekaa kwenye fremu yake nacho unakitoa kwa vidole. Ilianza kutengenezwa mwaka 1997 na vipuri bado vinauzwa. Mito ikilala, ukaona sifongo imebonyea na sikio linagusa ndani, sauti inaharibika, watu wanadhani hedifoni imezeeka. Badilisha mito tu, inarudi.

Hapo ndipo niliposimama. Unapoambiwa bei, uliza bei ya miaka kumi: mito inauzwa kiasi gani na inapatikana wapi, waya unachomoka au umechomelewa, kiwambo kikifa upande mmoja nani anakigusa. DT 770 Pro ya Beyerdynamic, ambayo utaiona karibu kila studio, waya wake umechomelewa ndani kwenye toleo la kawaida. Yangu ya kazini ilikatika hapo kwenye kikombe, fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, akaichomelea kwa shilingi mia tano nikiwa nimesimama, na iko kazini. Hiyo nayo haifiki dola 200.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawakwambii ni pangaboi. Hedifoni nyingi za juu ni za mgongo wazi: sauti inatoka nje na ya nje inaingia. Kule zinakosifiwa mtu anafunga dirisha na chumba kinakuwa kimya. Wewe uko Dar, Januari, ukizima pangaboi unaloa jasho kwenye mito, ukiliwasha unasikiliza pangaboi, bodaboda, na jirani anayetwanga. Ule mkwaruzo wa ukucha niliousifu niliusikia saa nane usiku, feni imezimwa, nikiwa kifua wazi. Saa tatu usiku hausikiki kwenye hedifoni yoyote ya mgongo wazi, iwe ya dola mia mbili au elfu sita. Kama nyumba yako ina kelele, ya kufunga masikio ya bei ndogo itakupa muziki mwingi kuliko ya wazi ya mamilioni.

Na usidhani haya ni maneno ya mtu aliyechomwa tu. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alizilinganisha hedifoni 283 za aina zote, akatazama mlingano wa besi, kati na juu dhidi ya bei ya dukani, na hakukuta uhusiano. Hiyo haina maana kwamba kila ya bei chee ni nzuri. Maana yake bei haikwambii lolote kuhusu mlingano wa sauti, na mlingano ndio sehemu kubwa ya unachosikia. Mlingano wenyewe siku hizi unarekebishika bure: kwenye simu ya Android weka programu ya Wavelet, tafuta jina la hedifoni yako humo, washa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kwa hedifoni ya dola mia moja na hamsini nilikaa nayo mpaka alfajiri.

Kwa hiyo wakati juu kumepanda, chini kumeshuka, na hilo silioni likisemwa. Mwaka 2016 duka la mtandaoni la Massdrop liliiuza HD 6XX, ambayo ni HD 650 ya Sennheiser iliyobadilishwa rangi, kwa dola 200. Mwaka 2021 HiFiMAN wakatoa HE400se, planari kamili, kwa dola 150. Mwaka 2022 Moondrop wakatoa Chu, vya kuchomeka masikioni, dola 20, na ninawapa waimbaji wangu wasikilizie mazoezi bila aibu yoyote. Koss Porta Pro ya mwaka 1984 bado inatengenezwa na bado haipiti sana dola hamsini. Nilipoanza kazi hii, hela ya namna hiyo ilikupa kitu cha kusikilizia mpira tu.

Ningekuwa wewe, kutoka kwenye hiyo milioni tatu na nusu ningetoa laki nane au tisa. Kama una saa za kimya, chukua HD 600, HD 650 au hiyo HD 6XX, hata mtumba, ila ikague: chomeka waya, uuzungushe kwenye kila kikombe usikilize kama inakatika, na utazame mito. Kama huna kimya, chukua DT 770. HD 600 ina ukinzani wa umeme wa omu 300, simu peke yake haitaisukuma vizuri, kwa hiyo ongeza kidude cha USB cha kukuza sauti, cha dola thelathini mpaka hamsini. Kile cha Apple cha dola tisa ni kizuri kwa hedifoni nyepesi, lakini baadhi ya simu za Android zinakifungia sauti ikawa ndogo mno, kijaribu kabla hujaondoka dukani. Nunua na jozi ya pili ya mito siku hiyohiyo, uiweke kabatini ndani ya mfuko uliofungwa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu.

Zilizobaki usizipeleke kwenye hedifoni nyingine kabla ya mwaka mmoja. Nauli ya boti kwenda Unguja kusikiliza taarab inapigwa mbele yako, kanuni iko hatua tatu kutoka ulipokaa, itakufundisha unatafuta nini kuliko tathmini zote. Mimi nilipanda ngazi kabla sijajua hilo.

Na ukifika Mombasa, njoo na rekodi zako. HD 600 ipo, DT 770 ipo, na yule kijana wa Nairobi huja kila Desemba na ile planari yangu ya zamani. Uzisikilize zote tatu kwa utulivu. Pangaboi nitalizima.